Pilau ya Nadhiri

Mama hakuwa amewahi kusikia habari za skii mpaka nilipomletea karatasi ya shule aitie saini. Nilikuwa na miaka tisa, tunakaa Erdington, Uingereza, na darasa letu lilikuwa linapelekwa nje kidogo ya mji kwenye kilima cha plastiki, kimetandikwa brashi ngumu kuanzia juu hadi chini ili watu wajifunze kuteleza bila theluji. Akauliza kama pana maji ya kuzama. Nikamjibu kwa Kiingereza, kama ilivyokuwa kawaida yangu, kwamba hapana. Akatia saini.

Wenzangu walishuka wakilia. Mimi nilikuwa na kiburi, na kwenye mteremko kiburi husaidia. Kocha akasema nirudi Jumamosi, nikarudi Jumamosi zote. Mama alikuwa mpishi katika hospitali kule Bordesley Green; alitoka zamu ya alfajiri, akanipeleka kwa treni na basi, akakaa kwenye benchi na koti lake la kazi, akasinzia huku mimi napanda na kushuka.

Kitu kimoja tu kilimkera, nacho ni nguo ya mashindano, ile inayobana mwili mzima. Hakunikataza kuivaa. Alinishonea juba la kijani la kuvaa juu yake, la vifungo vya kubonyeza, nilivue nikishafika mlangoni pa kuanzia na si kabla. Wasichana wengine walingoja zamu zao na majaketi ya timu, mimi nikangoja na juba. Nililichukia mno. Nilipofika miaka kumi na tano na kuanza kusafiri peke yangu, nikawa nalisokomeza begini treni ikiondoka tu, na kulivaa tena nikikaribia nyumbani. Mama alinipokea stesheni, akanitazama juu mpaka chini, akaridhika. Hivyo ndivyo nilivyodhani.

Sikuwa mkimbiaji mkubwa wa skii, wala sitaki mtu anisifu kwa hilo. Nilikuwa mzuri wa kutosha kufika mahali ambapo wazuri zaidi wanaanza kukuona. Nikiwa na miaka kumi na tisa nilipelekwa kwenye milima ya Alpi, na ikabaki nafasi moja kwenye timu, baina yangu na msichana mmoja wa kaskazini ya Uingereza. Mama yake alikuwa akimwendesha kwa gari lao bovu kutoka mlima mmoja hadi mwingine, akimpikia supu kwenye jiko la gesi. Mara nyingi alinimiminia na mimi.

Asubuhi ya mashindano Mama alinipigia simu. Mtandao ulikuwa mbaya, sauti inakuja na kupotea.

"Nimeweka nadhiri, mwanangu," alisema. "Mungu akinijaalia, nitapika pilau niwalishe watu."

Sikumuuliza ni nadhiri ya nini. Nilijua, au nilijiona najua. Nikaweka simu mfukoni na pilau ya watu wote wa nyumbani ikawa juu ya mgongo wangu.

Yalikuwa mashindano ya slalomu. Nguzo zimechomekwa mteremko mzima, na lazima miguu yote miwili ipite upande ule ule wa kila nguzo. Mguu mmoja ukipita huku na mwingine kule, umeshatoka mashindanoni: unasimama, unakaa pembeni, unarudi kwenu. Siku hiyo kulikuwa na ukungu. Nilikuwa nashuka vizuri kuliko siku zote, na nguzo ya tatu kutoka mwisho ikanigonga upande wa ndani wa buti la kushoto badala ya wa nje: mguu mmoja huku, mwingine kule.

Nilijua hapo hapo. Hakuna mkimbiaji asiyejua. Mwamuzi aliyesimama karibu alikuwa ameinamisha kichwa, anafuta miwani. Nikaendelea.

Nilimshinda yule msichana kwa muda usiotosha kupepesa jicho. Majina ya waliokosa nguzo yakabandikwa ubaoni, langu halikuwepo, na muda wa kupinga ukapita. Nilisimama mbele ya ule ubao nikajifanya hamnazo. Yeye akaja na pua inavuja kwa baridi, akanipa mkono na kunipongeza. Nikamwambia asante. Nyuma yake nilimwona mama yake anakunja blanketi, anakunja tena, kama halijakunjika sawa.

Mama alipika pilau Jumapili iliyofuata. Nyumba ilijaa, walikuja kina mama wa Kizanzibari kutoka Newtown, na jirani yetu Mkongo akaleta pondu, kisamvu cha kwao. Wakasoma Yasini, wakaomba dua. Mama akanipakulia mimi kwanza, na nyama kubwa kuliko zote. Nililila lile pande mpaka mfupa. Nilijiambia kwamba nikifungua mdomo nitamwaibisha mbele ya wageni wake, kwa hiyo nanyamaza kwa ajili yake. Nilijisikia mtoto mwema kabisa.

Nilikimbia misimu sita. Sikuwahi kushinda kitu cha kuwekwa kabatini, kisha goti likaniacha. Sasa nafundisha watoto kwenye kile kile kilima cha plastiki. Kila Jumamosi nawaambia: ukikosa nguzo, simama, inua fimbo yako ya kutelezea, hata kama hakuna aliyekuona. Nasema hivyo na uso mkavu, kisha narudi nyumbani na haya zangu.

Mwaka huu Mama amestaafu, akajaaliwa safari ya umra. Kwetu mtu hasafiri safari hiyo na kinyongo cha watu, kwa hiyo wiki nzima alizunguka kuomba msamaha: kwa majirani, kwa wenzake wa jikoni hospitali, hata kwa Mkongo, ambaye alimwambia, "Mama, hatuna probleme yoyote." Mimi alinifanya wa mwisho. Nilikuwa nimepiga magoti juu ya sanduku lake ili lifungike. Akakaa kitandani.

"Nisamehe lile juba," alisema. "Nilijua ulikuwa unalificha. Lilirudi na mikunjo ya begi, si ya mtu aliyelivaa. Nilikutia aibu mbele ya wenzako, nikaona tabu kusema."

Nilishindwa kumtazama. Mama wa miaka sitini na saba ananiomba mimi msamaha, na mimi nina lile la kwangu limekaa rohoni. Nikamwambia yote, na macho nimeyaweka kwenye zipu: nguzo, ukungu, miwani ya mwamuzi. Nikamwambia nilinyamaza kwa sababu ya nadhiri yake.

Akalainisha shuka kwa kiganja.

"Nadhiri yangu ilikuwa urudi na miguu yako yote miwili," akasema. "Nafasi sikuiomba. Sikujua hata kama kuna nafasi."

Miaka yote hiyo nilikuwa nimeuegemeza uongo wangu kwenye sufuria lake. Kumbe pilau ile ilikuwa halali tangu niliposhuka mzima. Kilichokuwa haramu ni mimi. Nikaona aibu ambayo sikuwa nayo hata kule mlimani.

"Na yule mwenzako," akauliza, "mama yake alikuwepo?"

Nikasema alikuwepo. Nikamsimulia blanketi.

"Basi mimi nimekusamehe langu," akasema. "La yule si langu. Mtafute."

Kumpata hakukuwa kazi. Ni mwalimu wa shule, na kwenye picha yake mtandaoni bado ana ile pua nyekundu. Nimeandika ujumbe, nikafuta, nikaandika tena. Juzi Mama akapiga simu kutoka Makka. Aliuliza kama nakula, kisha akauliza kama nimempata. Nikasema nimempata.

"Umemwambia?"

Sauti yake ilikuwa inasikika vizuri kabisa. Nikamwambia simu inakatakata.