Ripota na Upande wa Pili

Binti wa kaka yangu alipoingia chuo cha uandishi wa habari, ua mzima ulianza kumwita Ripota kabla hajaandika hata mstari. Jina alilipenda. Alitembea na kalamu sikioni kama seremala, na ukimwamkia anakuuliza umelala wapi, na nani, na kwa nini. Mimi nauza vipuri vya friji na mashine kuukuu za kufulia, na tunaishi naye vyumba viwili. Nilimwambia kazi ya kuuliza ni nzuri, mradi ukumbuke kwamba anayeulizwa naye ana masikio. Akacheka. Wakati huo alikuwa bado anacheka.

Mwaka wa pili mwalimu wao akawapa zoezi: kila mmoja atengeneze kipindi kifupi cha redio ya chuo, habari ya kuchimba mwenyewe. Mwalimu huyo alikuwa na sheria moja aliyowapigilia kila darasa: habari ya upande mmoja ni umbea. Unayemtuhumu lazima umuulize kabla habari haijatoka. Usipomuuliza, umefeli.

Habari yenyewe Ripota aliipata palepale uani. Jirani yetu, Mama Pacha, ni mfagiaji katika ghala la maziwa ya kopo ya watoto wachanga. Jioni moja, akichambua maharage, alimweleza kwamba kwenye chumba cha nyuma cha ghala makopo yaliyopitwa na muda hufutwa tarehe kwa pamba na dawa ya kutolea rangi ya kucha, halafu hupigwa tarehe mpya. Anayefuta ni mpwa wa bosi. Chumba hufungwa kwa ufunguo. Wanaoingia ni huyo mpwa, na Mama Pacha anapokwenda kuzoa pamba zilizotumika.

"Jina langu lisitoke, mwanangu," alisema. "Mume sina, na hawa pacha wangu wawili wanakula kama wanne."

"Halitoki, mama. Naapa."

Na kweli halikutoka.

Siku chache baadaye nilikuwa bandani kwangu nabishana na mteja juu ya mota, nikamwona Ripota anakuja mbio, midomo imemkauka.

"Shangazi, nimempigia bosi. Kutafuta upande wa pili."

"Umemuuliza nini?"

Akanisomea kwenye simu yake. Ni kweli kwamba katika chumba cha nyuma cha ghala lako tarehe za makopo zinafutwa kwa pamba na dawa ya kutolea rangi ya kucha?

"Akasemaje?"

"Alisema, polepole kabisa, swali zuri, binti. Akaniuliza nasoma mwaka wa ngapi. Akakata."

Mteja nikamwachia mota kwa bei aliyoitaka, aondoke. Sokoni hilo tunalijua tukiwa bado tunauza karanga: ukimwambia mwenye duka bei aliyonunulia mzigo wake, umemtajia na aliyekuambia.

"Chumba kina watu wangapi?" nikamuuliza.

"Wawili."

"Mmoja ni damu yake. Haya, bosi amebakiwa na nani?"

Akakaa juu ya ndoo ya grisi, na gauni lake la chuo. Hakujali.

Tulitaka kumpigia Mama Pacha, lakini pale ghalani wafanyakazi huacha simu kwa mlinzi wakiingia. Ilibaki kwenda kungoja ng'ambo ya barabara, mkabala na lango, mpaka watoke. Nilijifanya naangalia viatu kwa mshona viatu wa pale. Ripota alikuwa ameshika mkono wangu kama mtoto anayepelekwa sindano, na kiganja chake kilikuwa cha baridi.

Wakaanza kutoka. Wapakizi, karani, akina mama wa kubandika karatasi. Kawaida hutoka wakicheka. Leo kila mmoja alitoka peke yake akitazama chini. Mlinzi akasukuma lango nusu.

"Hayumo," Ripota alisema. "Shangazi, hayumo. Amefungiwa."

"Nyamaza. Utaje jina lake hapa halafu uone."

Lango lilikuwa linafungwa kabisa Mama Pacha alipotokea, mkoba begani, akatupita kama mtu asiyetujua. Tukamfuata mbali kidogo. Hakugeuka hadi tulipoingia uani na mlango kufungwa.

"Ulimuuliza nini, wewe mtoto?"

Ripota akamwambia. Mama Pacha akakaa juu ya kizingiti.

"Basi ndiyo maana. Alitusimamisha wote kwa mstari. Akasema kuna mdomo humu ndani. Nikasema moyoni, nimekwisha. Akanipita, akamshika mpwa wake shingoni. Walikuwa na ugomvi wa siku nyingi, kijana anataka apewe gari aendeshe, mjomba hataki. Akampiga mbele yetu, akamtupa nje."

"Na wewe?"

"Mimi aliniambia nideki damu."

Bosi wa namna ile hamhesabu mfagiaji. Kwake mfagiaji ni mpini wa ufagio. Ripota akavuta pumzi, akaanza kusema alhamdulillahi, nikamkata.

"Huyo kijana anajua kwamba hakusema yeye. Na anajua ni nani mwingine anayeingia kile chumba."

Hatukungoja sana. Kabla giza halijaingia mlango ulibishwa. Alikuwa yeye, mdomo umevimba, shati limechanika mfuko.

"Shikamoo, mama," akaniambia. Kisha akamtazama Mama Pacha. "Mimi nimepigwa kwa ajili yako."

Pacha walichungulia, Mama Pacha akawarudisha ndani kwa jicho.

"Nakwenda kwa mjomba sasa hivi," kijana akasema. "Nikamwambie ni huyu."

"Marahaba, mwanangu. Nenda," nikamwambia. "Atasema unajitetea kwa kumsingizia mfagiaji. Na akikuamini, halafu? Atakupa gari? Mkono uliofuta tarehe ni wako. Hii habari ikitoka, yeye atakutaja wewe wa kwanza."

"Sasa mnataka nikae kimya? Nipate nini?"

"Kimya hakina faida kwako. Lakini katika mambo haya wa kwanza kusema huitwa shahidi. Anayefuata huitwa mshitakiwa. Chagua foleni."

Akajipangusa mdomo. Nikamsogezea kigoda. Alikitazama muda, kama mtu anayetafuta kasoro kwenye bidhaa, halafu akakaa.

Ripota alitoa simu ya kurekodia. Akaiweka chini kati yao.

"Jina langu utalificha?" kijana akauliza.

Nilidhani Ripota ataapa tena. "Jina nitalificha," alisema. "Lakini mjomba wako atakujua kwa yale utakayosema. Hilo siwezi kulizuia."

Kijana akacheka upande mmoja wa mdomo. "Ameshanijua. Washa."

Alipomaliza kusema na kuondoka, ilibaki kazi ile ile: mwalimu hapokei habari bila upande wa pili, kwa hiyo bosi lazima apigiwe tena. Safari hii Ripota alimsomea Mama Pacha maswali yote kwanza. Akakataa mawili. La tatu akaligeuza.

"Usiende kazini kesho, mama," Ripota akamwambia.

"Nikikosa kesho nimejitaja. Nakwenda. Ila umpigie huyo mtu asubuhi, nikiwa nadeki ofisini kwake. Simu ikilia anione niko pale, na mikono yangu iko kwenye maji."

"Je, akikugeukia?"

"Akinigeukia, si utasikia?"

Usiku ule katika vyumba vyetu viwili hakuna aliyelala. Asubuhi Ripota alipiga kutoka bandani kwangu, sauti wazi nami nisikie. Iliita mara nyingi. Mwisho ikapokelewa.

"Ni wewe tena, binti?"

Nyuma ya sauti yake ndoo ya kudekia iliburutwa sakafuni, polepole, ikasimama. Ripota alinitazama, jasho likimtiririka shingoni, akaanza kusoma swali la kwanza.