Kitenge Mpakani mwa Shamba

Tusajigwe wa Makwale huchimba mashimo ya kakao kwa mashine. Ni mashine ya petroli yenye vipini viwili, na chini yake iko parafujo ya chuma ndefu kama mguu wa mtu, inayozunguka na kupandisha udongo juu. Kikundi cha wakulima kiliinunua, kikawapa vijana wawili. Mmoja aliteguka kifundo cha mkono, maana parafujo ilikamata mzizi naye akashindana nayo. Wa pili alimimina petroli injini ikiwa bado ya moto, akaunguza nyusi. Ndipo wakamkumbuka Tusajigwe, aliyekuwa akiendesha mashine ya kukoboa mpunga Bondeni kabla hajaolewa.

Zamani shimo la kakao halikuchimbwa hivyo. Rika zima lilikuja na majembe, likaimba, likala ndizi za mwenye shamba, na keshoye likaenda kwa mwingine. Sasa rika limebaki jina. Inakuja mashine, na jirani hutoka nje kuuliza tu kelele zitakwisha lini. Simlaumu anayechimba. Nawalaumu waliokaa nyumbani.

Kazi yenyewe Tusajigwe anaijua. Asubuhi hukagua pini inayoshika parafujo, hukaza nati, huifungua plagi akaifuta masizi, hukung'uta kichujio cha hewa. Petroli huichanganya na oili kwenye dumu kabla ya kuimimina, kwa sababu injini ya aina ile haina mahali pengine pa kupata oili. Akianza, hutanua miguu na kushika kwa mikono yote miwili. Hashindilii, uzito wa mashine unatosha. Ikinasa huizima, huchomoa waya wa plagi, kisha huizungusha parafujo kinyumenyume kwa mkono mpaka iachie. Haivuti kwa nguvu za mgongo.

Kilichomshinda ni kitenge. Kazi inataka suruali na buti, wala kitambaa kisining'inie. Lakini Tusajigwe ameolewa kwa mzee Ambokile, na kwetu mke wa mwana hatazamani na baba mkwe. Akimwona njiani huacha njia, au huinama akajifunika kichwa. Wengi wameacha, siku hizi wanapiga picha wamekumbatiana mlangoni pa kanisa. Tusajigwe hajaacha. Alilelewa na bibi yake kule Ngana, na alipoolewa akamkuta mama mkwe, Felista, anayeshika mambo yaleyale. Kwa hiyo alipokwenda kuchimba shamba la mzee Ambokile, kitenge alikiacha begani, kiwe karibu.

Parafujo ilikuwa imezama nusu mzee alipotokeza kwenye migomba. Alikuwa amekohoa, kama inavyopasa, lakini nani asikie kikohozi mbele ya injini ile? Tusajigwe aliona kofia yake, na mwili ukafanya ulichofundishwa. Mkono mmoja ukaachia kipini ili kuvuta kitenge kichwani. Papo hapo parafujo ikagonga mzizi, mashine ikayumba, ncha ya kitenge ikaenda nayo. Kitambaa kilijisokota kikamvuta mpaka shavu likagusa kipini.

Mzee Ambokile hakumkimbilia. Aligeuka, akampa mgongo, akapiga kelele kuelekea nyumbani, "Felista! Felista! Mwanao anakufa huku!"

Felista alipofika, injini ilikuwa kimya. Tusajigwe alikuwa ameipata swichi kwa kidole gumba cha mkono uliobaki. Shingoni ulibaki mchubuko kama alama ya kamba.

Kikao kilifanyika sebuleni kwa Prosper, mwenyekiti wa kikundi. Mzee Ambokile alikaa nje, chini ya dirisha, kwa kuwa mkwewe alikuwa ndani.

"Mashine tumpe asiye na baba mkwe," alisema Prosper.

"Basi mpe padri!" mtu akadakia. Watu wakacheka.

"Sicheki mimi," Prosper akasema. "Au mzee achinje mbuzi, haya ya kukimbiana yaishe."

Tusajigwe alisema akitazama sakafu. "Mwenyekiti, kosa si la baba. Nilikuwa na nguo inayoning'inia, na niliachia kipini kabla ya kuzima. Hata angetokea nyoka yangenikuta hayohayo. Msininyang'anye kazi. Kitenge nitakitundika mpakani mwa shamba. Kikiwa pale, injini inafanya kazi, asivuke mtu. Nikimaliza nitazima, nijifunge, nitoke."

Sauti ikaja kutoka dirishani. "Felista, mwambie mwanao nikikiona sitavuka."

"Baba anasema akikiona hatavuka," Felista akasema, ingawa hakuna ambaye hakusikia.

"Na mwambie upande wa mfereji kuna mizizi ya mparachichi."

"Upande wa mfereji..."

"Nimesikia, mama."

Prosper akapumua. "Haya. Malizia shamba la mzee. Nikisikia hata ukucha umekatika, mashine inarudi kwangu."

Siku ya kumalizia, kitenge cha njano kilitundikwa kwenye mti wa mpaka. Mzee Ambokile aliweka kigoda ng'ambo ya mfereji, akakaa ameligeuzia shamba mgongo. Prosper alikuja na pikipiki, akapita chini ya kitenge na simu mkononi. Tusajigwe alimwona. Safari hii alipunguza mafuta, akazima, akangoja parafujo itulie, mikono yote miwili ingali kwenye vipini.

"Endelea, endelea! Nataka picha ikiwa inazunguka."



"Prosper!" Mzee alikuwa amesikia pikipiki ikija, kisha injini ikifa. Hakugeuka. "Hukioni kitenge? Au unangoja na wewe kikusokote?"

"Mzee, mimi ni mwenyekiti."

"Kaufanyie uenyekiti wako barabarani. Rudi nyuma!"

Prosper alirudi nyuma ya kitenge, simu mfukoni. Tusajigwe akavuta kamba, injini ikawaka.

Alipomaliza aliifuta parafujo udongo, akatia grisi, akashusha kitenge akajifunga, akatokea njia ya upande wa pili. Ndipo mzee akavuka mfereji. Alipiga magoti, akaingiza mkono kwenye shimo mpaka kwapani, akapapasa kuta zake.

"Felista," alimwambia mkewe, aliyekuwa amesimama kando ya mfereji, "mwambie mwanao ndaga."

Felista alikwenda kumpelekea shukrani hiyo. Mashine haikurudi kwa Prosper. Kitenge nacho hutundikwa kila shamba analochimba Tusajigwe, na bado watu huvuka. Naye kila mara huzima na kungoja watoke.