Ndagala Zilizonyeshewa

Jamila alijulikana pwani yote ya Rumonge kwa desturi moja. Kabla ya kuuza ndagala, yaani dagaa wadogo wa ziwani, alitia moja mdomoni akaitafuna, kichwa na mkia, mbele ya mnunuzi. Mama yake alifanya hivyo kwenye vichanja vilevile vya kuanikia samaki. Aliyemwona akitafuna hakuuliza tena.

Mwaka huu mvua ilinyesha Julai, mwezi ambao zamani ulikuwa wa jua tupu. Redioni walisema moshi unaotolewa na watu dunia nzima umevuruga misimu na kulipasha ziwa joto, ndiyo maana hata samaki wamepungua. Ndagala chache alizopata Jamila zililegea kwenye vichanja, zikatoa ute, nzi wakazivaa. Uvundo ulimfuata hadi kwenye nywele, hadi kwenye chai. Angezimwaga, lakini hakuwa na kingine: mihogo yake ilikuwa imesombwa na tope lililoshuka kutoka vilima vilivyonyolewa miti. Wifi yake, Aliya, akashauri wazikaushe kwa moto na kuzitia chumvi nyingi. Jamila akakubali, uso ameugeuzia pembeni.

Cikuru akaja na lori lake. Huleta makaa kutoka milimani, hurudi Bujumbura na samaki. Akashuka akiilaani mvua.

"Mnamaliza miti yote huko juu, halafu mnaishangaa mvua," Jamila alimwambia.

Cikuru akacheka. "Na hizi umezikausha na nini, mama? Si makaa yangu?"

Jamila akaanza kuzikusanya ndagala.

"Onja basi, twende," Cikuru alisema.

Jamila akatia moja mdomoni. Nje ilikuwa chumvi na majivu. Ndani ilikuwa laini, chungu, kama usaha. Akaitema karibu na viatu vya Cikuru, akajua biashara imekufa.

Cikuru akasogeza mguu tu. "Haina shida. Zinaenda shule ya bweni. Tutachanganya na nzuri, nitasema ni za Jamila. Jina lako ndilo linauza."

Jamila akachukua dumu la mafuta ya taa ya kuwashia moto, akazimwagia ndagala zote, kichanja baada ya kichanja, huku Aliya akimvuta mkono na kumwuliza watakula nini.

Cikuru alimwita mwendawazimu, kisha akavuka kwenda vichanja vya jirani, vilivyonyeshewa mvua ileile. Huko hakumwomba mtu aonje. Jamila alisimama akisukutua mdomo kwa maji ya ziwa, akitazama magunia ya jirani yakipakiwa lorini.