Nusu ya Marijani

Mume wangu Himid ni mtu mwema, na wallahi wema wake umenitesa kuliko ubaya wa watu wengine. Nalisema hili mbele yake, jikoni kwetu Al Baraha, hapa Dubai, naye hunijibu, "Haya, Bi Tufaha," akaendelea kunywa chai. Mtu wa namna hiyo utagombana naye vipi?

Kazi yake usaisi, kutunza farasi. Alitoka Unguja mdogo, akaletwa Dubai na baba yake, na tangu ujanani hajajua kazi nyingine. Kanzu zake sijapata kuzifua bila ya kutoa nywele za farasi kwanza. Miaka ile ya elfu mbili, Dubai ilipokuwa ikiota majumba kila kona, arbabu wake, tajiri aliyemwajiri, alikuwa na gari la farasi la kukodisha maharusini. Gari jeupe, viti vyekundu, na majike mawili meupe ya kulivuta, Yaquti na Marijani. Zizi lilikuwa kwenye mchanga, kupita Al Warqa.

Yaquti akifungwa kulia, Marijani kushoto, na hawabadilishwi. Hata wakienda kunywa maji walikwenda hivyohivyo, ubavu kwa ubavu. Walikula hori moja, kila mmoja nusu yake, wala hakuna aliyevuka kwa mwenzake. Himid aliwaamkia wao kabla ya kuniamkia mimi. Alfajiri anawachokoa kwato na kuwapiga brashi. Joto likizidi anawamwagia maji, miguuni kwanza, taratibu, ndipo mgongoni. Nikimwambia, "Mimi mgongo wangu hujapata kuusugua," anacheka tu.

Kiangazi cha mwaka 2006 Marijani akashikwa na msokoto wa tumbo. Daktari wa wanyama alikuja, akampiga sindano, akaondoka akitikisa kichwa. Himid alipoona mambo yamekwisha, alimwita Lawrence, saisi mwenzake, Mkenya wa Bungoma.

"Mtoe Yaquti umpeleke uwanja wa nyuma," akamwambia. "Asione."

Marijani akafa, lori likamchukua, mchanga ukafagiwa. Yaquti aliporudishwa alikuta banda safi, mwenzake hayupo.

Toka hapo akawa anakula nusu ya hori, ile nusu yake, na nyingine anaiacha. Kesho yake vilevile, na keshokutwa. Alikonda mbavu zikatoka nje, na chakula kimelala mbele yake. Shomoro wa pale, wezi wakubwa wale, nusu ile hawakuigusa. Akitolewa matembezi alishika upande wa kulia wa njia, akaacha nafasi ya farasi mmoja kushoto. Himid alizoea kutembea upande huo, ghafla akaacha. Nikamuuliza kulikoni.

"Naona kama nambana mtu," akasema.

Nilimcheka. Kisha Ijumaa moja nikampelekea chakula, nikamwona kwa mbali anamwongoza Yaquti juu ya lami, nikasikia kwato za farasi wawili. Nikasimama na bakuli langu mkononi. Msinambie mwangwi. Kwato nazijua, nimeolewa na saisi, na wale walikuwa wawili. 

Arbabu hakutaka hadithi. Alileta jike jingine la kushoto, Yaquti akaling'ata shingo. Arbabu akasema Ramadhani ikiisha maharusi yanaanza. Kama Yaquti hafungiki na mwenzake, khalasi, atapigwa sindano ya kufa. Nani atanunua gofu la farasi? Himid usingizi ukamruka. Akamleta shekhe akasoma, Yaquti akanyweshwa kombe, maji yaliyooshewa aya. Maji ya kombe akayanywa yote, nusu ya Marijani akaiacha.

Aliyelisema jambo ni Lawrence, Ijumaa nyingine, Ramadhani haijaingia, tumekaa kivulini tunakula.

"Mzee, usinikasirikie. Huyu farasi hakuonyeshwa mwili. Kwetu, mtu asipoona maiti ni kama hajafiwa. Ataendelea tu kungoja."

Himid hakumtazama Lawrence. Alinitazama mimi.

Zamani, hao farasi hawajazaliwa, tulikuwa na mtoto, Zayd, wa miaka mitano. Homa ilimpanda kichwani akafia hospitali, nami niko kitandani nyumbani, mimba imeharibika, damu haikatiki. Himid alimwosha, akamkafini, akamswalia, akamzika, ndipo akaja kuniambia. Kabati la nguo zake nikalikuta limefagiwa. "Nilikuonea huruma, Tufaha." Basi huruma hiyo ndiyo iliyonila. Tangu siku ile, asubuhi nikikata mkate naukata nusu, nusu moja naiweka pembeni mwa meza, jioni nawatupia njiwa. Himid anaiona kila siku na hajapata kuuliza ya nani.

Himid akanawa mikono, akaenda kwenye sanduku la matandiko ya farasi, lile la mbao analohama nalo zizi hadi zizi. Akatoa blanketi alilomfunika Marijani siku ya kufa. Halikuwa limefuliwa, jasho na povu vimekaukia humo. Chini yake nikaona shati dogo la samawati, kifungo kimoja nimekishona mwenyewe kwa uzi mweusi. Himid aliona kuwa nimeona. Akafunga sanduku.

Akamwekea Yaquti blanketi puani. Yaquti akanusa, akainua mdomo wa juu, akanusa tena, kisha akalia. Nimesikia farasi wakilia umri wangu wote, lakini kilio kile sijakisikia kabla wala baada. Lawrence akavua kofia. Yaquti akalaza pua yake humo mpaka alasiri, na sisi hatukuondoka. Halafu akaenda horini. Akala nusu yake, akasimama kidogo, akavuka akala na ya Marijani, mpaka akalamba ubao. Himid akakaa mchangani akalia, na mimi sikuwa na moyo wa kumtania.

Baada ya Idi Yaquti alivuta gari na lile jike jingine, na kwato za ziada hakuzisikia mtu tena.

Lakini mimi nakumbuka jioni ile ya siku ya blanketi. Himid alirudi na shati amelifunga kwenye gazeti, akaniwekea mapajani.

"Nisamehe," akasema. "Nusa, Tufaha."

Nikajifunika nalo usoni. Lilinuka mafuta ya ngozi ya matandiko. Lilinuka hatamu na jasho la farasi, miaka yote ile ndani ya sanduku. Nikamtafuta mwanangu kwenye ukosi, nikamtafuta kwapani, hakuwemo.

"Yumo?" Himid akauliza. Macho mekundu.

Mdomo huu wangu haujapata kumstahi mume wangu hata siku moja. Nikamwambia, "Yumo."

Asubuhi nikala mkate mzima mbele yake. Akafurahi, akaenda kwa farasi wake akipiga mluzi. Nilipousikia mlango umefungwa nikachukua mkate mwingine, nikaukata nusu, nikaiweka pembeni mwa meza. Siku hizi njiwa nawapa mapema, kabla hajarudi.