Bluu Kisimani

Enzi za ruksa, biashara zilipofunguliwa, zilipofika Mbagala, maduka yalijaa sabuni na mume wangu akajaa mipango. Jirani yetu alikuwa bibi mmoja wa Kizaramo, mwenye kisima kilichotegemewa na mtaa mzima, sisi tukiwemo, maana bomba letu lilikuwa pambo tu. Mume wangu ni Mnyamwezi, kwa hiyo yeye na bibi walikuwa watani wa kikabila, na watani hawagombani hata pale wanapopaswa kugombana.

Siku alipoanza kuchimba shimo la choo upande wa kisima, bibi alitokea amejifunga kanga kiunoni.

"We Mnyamwezi, unataka kutunywesha nini?"

"Shikamoo, mtani. Mchanga huu maji yanazama chini moja kwa moja. Hayana miguu ya kuja kwako."

"Kesho asubuhi yatakuwa yameshafika!"

Wakakubaliana kujaribu. Mume wangu akanunua bluu ya kufulia, akakoroga pipa zima, akalimimina shimoni. Mchanga ukanywa lote. Kesho yake bibi akateka maji, akayatia kwenye bakuli jeupe. Safi. Kesho kutwa, safi. Wiki nzima mume wangu alicheka, mpaka nikaiombea bluu ifike ili anyamaze. Bibi, muungwana, akakubali kushindwa na kutuletea vitumbua. Choo kikaisha, tukakitumia kwa fahari, na wageni wakawa wanakionyeshwa kama sebule.

Hakuna aliyejiuliza bluu imekwenda wapi. Mie nilikuwa namwagilia mchicha kila jioni, nikaona kiangazi mchanga ulivyo bahili: maji kidogo yakiingia huyang'ang'ania palepale, hauyaachii mpaka ushibe. Lakini nani aliniuliza?

Masika yakaja, yakaushibisha. Asubuhi moja mume wangu alikuwa barazani anakunywa chai, bibi akaja na lile bakuli jeupe, akaliweka mbele yake. Maji yalikuwa ya samawati. Nikajiandaa kucheka, nikijua matusi ya utani yanakuja. Hayakuja.

"Mtani," alisema taratibu, "bluu mliitia mwanzo, imefika. Na vile vitu mlivyotia baadaye, viko wapi?"

Mume wangu alikuwa na chai mdomoni. Kumeza hawezi, na kutema mbele ya mkubwa ni utovu wa adabu. Macho yakamtoka, akanitazama mimi, mpishi wa chai. Nikatazama pembeni.

Akameza. Kisha akainuka kutafuta jembe la kufukia choo.