Nilihama kampuni ya intaneti, email niliyoombea kazi ikabaki kwa shangazi

Wakuu, heshima kwenu. Jambo hili limenikuta mwenyewe, siongezi chumvi, na nakiri mapema kwamba mpaka sasa sijalielewa lote.

Naishi Kongowe, hii ya Kibaha, sio ile ya Dar. Nimemaliza chuo, nipo kwa wazazi, natafuta kazi.

Nyumbani tulikuwa na intaneti ya kampuni moja ndogo. Ukijiunga wanakupa na email yenye jina la kampuni mwishoni. Mzee wangu, mwalimu mstaafu, akasisitiza niombee kazi kwa hiyo. "Zile za bure kila mtu anazo. Hii ina ofisi nyuma yake."

Nikamsikiliza. Kila ombi nililotuma lina anwani ile.

Mwezi uliopita mtandao ukawa unakatika mno, tukahamia kampuni nyingine. Niliyeshawishi ni mimi. Fundi akafunga router mpya, tukafurahi.

Kesho yake inbox ikagoma kufunguka.

Na hapo nasubiri majibu ya mradi mmoja wa kilimo. Walisema watakaoitwa kwenye usaili wataandikiwa kwa email wiki ile ile. Nikaingia kwenye mfumo wao nibadilishe anwani. Mfumo ukasema umenitumia code ya kuthibitisha.

Kwenye email ya zamani.

Najua mtauliza kwa nini sikuwapigia simu. Niliwaza wataniona mtu asiyejipanga. Halafu nikawaza labda namna ninavyopiga simu nayo ni sehemu ya usaili. Niacheni tu.

Nikapiga huduma kwa wateja ya kampuni ya zamani. Aliyepokea akasema ukihama, email imekufa. Nikapiga tena, akapokea mwingine, akasema haifi, imefungwa tu, unaweza kubaki nayo hata bila intaneti yao. Nimwamini nani? Nikapiga mara ya tatu. Huyu akauliza, "Naongea na Mwanahawa?"

Wakuu, mimi ni mwanaume.

Kumbe siku tunajiunga, Mzee alikuwa amepoteza kitambulisho. Dada yake alikuwa amekuja kutusalimia, akaweka vidole yeye. Nani hapa hajawahi kusajiliwa laini na ndugu? Shangazi akarudi zake Kisarawe, wote tukasahau. Kwa hiyo email yangu ni yake, na ili ibaki lazima athibitishe kwa vidole, kwa wakala yeyote.

Asubuhi nikaenda Kisarawe kwa njia ya Kibamba. Nikamkuta shangazi uani anabangua korosho.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Nani kafa?"

Nikamweleza. Akaacha kubangua. "Miaka yote nina anwani na hamkuniambia? Nani ameniandikia?"

"Hakuna, shangazi. Barua zote ni zangu."

"Zimo kwenye jina langu, zinakuwaje zako?"

Nikamwomba tu anawe mikono twende kwa wakala.

Kwa wakala, gumba likakataliwa. Kidole cha pili nacho. Maganda ya korosho yana mafuta makali, yanachubua ngozi, na shangazi ndiyo kazi yake. Binti wa pale akamwambia, "Bi Mwanahawa, vidole vyako havina mistari."

"Mistari imeliwa na korosho, mwanangu. Jaribu huku."

Mkono wa kulia ukaisha wote. Jasho lilikuwa linanitoka mimi, sio yeye. Kikaja kukubali kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto. Shangazi akakitazama. "Kumbe hiki kivivu ndicho kinachonijua."

Inbox ikafunguka palepale kwenye simu yangu. Email ya mradi ilikuwemo tangu juzi. Nimeitwa kwenye usaili, nithibitishe kabla ya saa kumi jioni.

Ya siku ile ile. Na ilikuwa saa tisa na nusu.

Nikaandika jibu. Nikafuta. Nieleze kwa nini nimechelewa, au nitakuwa najichoma mwenyewe? Nikaandika tena, nikafuta salamu. Shangazi alikuwa amesimama begani kwangu.

"Unawajibu au unawaposa?"

Nikatuma.

Usaili nimefanya Alhamisi iliyopita. Nimejifunza hivi: anwani unayoombea kazi isiwe ya kampuni unayoweza kuihama, na kabla hujahama chochote, uliza kwanza kimeandikwa jina la nani. Nimeshafungua nyingine ya bure, nawaarifu watu mmoja mmoja.

Ila nimechanganyikiwa. Ile ya zamani niiache ife majibu yakishatoka, au niendelee nayo, maana sikumbuki sehemu zote nilizoiandika? Mliowahi kuhama mlifanyaje? Karibuni mnipe mawazo, hata ya kunisema.

Shangazi yeye hataki kusikia habari ya kuifunga. Kila jioni ananipigia: "Wameshatuandikia?"

Naangalia. Bado.