Kiwavi wa Mti wa Kijitoni

Berthe, mwalimu wa shule ya msingi pale Mulekera, aliwaandika viwavi kwa miaka kumi na moja. Jani wanalokula, siku wanayojifunga kuwa pupa, kipepeo anayetoka: yote yamo daftarini. Majirani walimcheka, ati mwalimu hana hata kuku, anafuga wadudu! Mumewe Malachie hakucheka. Yeye ndiye aliyemletea, toka shambani, yule kiwavi mwenye mistari myeusi na ya manjano, asiyefanana na yeyote wa daftarini.

Berthe hakulala kwa hamu. Atatoka kipepeo gani? Akamjaribia majani ya muhogo, ya kahawa, ya avoka. Mdudu akagoma. Alitaka majani ya mti alikookotwa tu, na mti huo uko mwisho wa shamba, kando ya kijito. Tangu mauaji ya waasi yaanze, shambani watu huenda kwa kundi na kurudi kwa kundi, saa nane kamili, asibaki mtu.

Alhamisi majani aliyoletwa nayo yakaisha.

"Hapana kuhangaika, mama Grady," Malachie alimwambia. "Kesho nitakuletea."

Ijumaa kundi lilirudi bila yeye. Berthe alimshika mkono jirani yao, Victoire.

"Bwana yangu iko wapi?"

"Alisema tutangulie. Eti anachuma kwanza majani ya mududu yako. Kisha tukasikia masasi ya bunduki."

Jumamosi walimleta amefungwa katika turubai. Mfuko wa koti ulikuwa umejaa majani, yamenyauka kidogo tu. Waombolezaji wakiwa uani, Berthe aliingia ndani, akamwekea kiwavi chakula chake, akamtazama akila. Alimchukia. Hata hivyo aliyapanga majani yale vizuri, moja moja, kwa kuwa yalichumwa na Malachie.

Kiwavi akajifunga. Siku ya kumi na tisa akatoka kipepeo mweusi mwenye madoa ya manjano. Berthe hakuhitaji kufungua daftari. Yumo ukurasa wa kwanza kabisa: ni yule wa mlimau, watoto wote wa Mulekera wanamjua. Kumbe kiwavi wake hubadilika sura akikulia kwenye mti mwingine. Jani la mlimau Berthe hakumjaribia kamwe; aliona wadudu wa mlimau anawajua wote.

Akalia kuliko siku ya maziko. Mlimau uko pale uani kwake, hatua nne toka jikoni.